Kitabu cha Kapteni Kilichoondoka na Madaftari

Jumatatu, 12 Mei. Kibaha

Tafadhali. Ukiwa umelishika daftari hili na wewe si mimi, lifunge. Usimsomee mtu hata mstari mmoja. Nina miezi miwili tu kazini hapa ofisi ya marubani wanawake, bado niko kwenye majaribio.

Asubuhi kama kawaida. Nimefagia chumba cha maonyesho, nimefuta picha za marubani wanawake ukutani, wa zamani juu, wa sasa chini. Nimejibu barua tatu za wasichana wanaoomba kufadhiliwa chuo cha urubani. Saa nne nikafungua kabati nitoe kitabu cha Kapteni Mwanahawa nikiweke kwenye sanduku la kioo. Chumba kinafunguliwa Jumamosi.

Kava ni la kaki, kama nililoliweka mwenyewe. Ndani kurasa nyeupe. Zote.

Niandike taratibu. Kapteni ni mstaafu, anaishi Msimbu, Kisarawe. Alituazima kitabu chake cha safari, kile ambacho rubani huandika kila anaporuka: tarehe, ndege, alikotoka, alikokwenda, muda aliokaa angani. Maisha yake yote ya kazi yako humo, kwa mkono wake. Hakuna nakala. Nilitakiwa kukitolea nakala kwanza, mashine ikawa mbovu. Nilikipokea mimi. Nikasaini mimi. Jalada lilikuwa linachanika, nikakivika kaki, kama mama alivyotufundisha kufunika kila kitabu kabla hakijatumika. Sikuandika jina juu. Niliogopa kuandika kwenye kitu cha mtu.

Wiki hiyohiyo nilifunika kwa kaki ileile madaftari makubwa arobaini ya klabu ya urubani ya shule moja ya sekondari huko Soga. Ijumaa yakachukuliwa. Daftari moja limebaki kabatini kwetu. Maana yake kitabu cha Kapteni kimekwenda Soga.

Mchana sikula.

Jumanne, 13 Mei

Mama Lyimo, mkurugenzi wetu, ameuliza kitabu kiko wapi. Nimesema nakifuta vumbi. Uongo umetoka laini, kama niliufanyia mazoezi. Najichukia.

Nimempigia mwalimu wa klabu, nikasema kuna daftari moja lilikwenda kwa makosa, ninaomba ayarudishe yote niyaangalie. Akasema yameshagawiwa. "Dada, si madaftari tu hayo?" Nikasema ndiyo, ni madaftari tu.

Uongo wa pili. Kama angejua anatafuta nini angekimbia.

Jumatano, 14 Mei

Nimeomba ruhusa ya kwenda hospitali. Wa tatu huo. Nimekwenda Soga. Kutoka Mlandizi bodaboda, njia yote tope. Nilifika sketi imebadilika rangi.

Mwalimu alikuwa ameyakusanya. Thelathini na tisa. Nimefungua moja moja mbele ya darasa zima. Yote madaftari. Lililobaki analo Zawena wa kidato cha pili, ambaye haonekani shuleni tangu jana. Yuko Kwala, anamuuguza shangazi yake. Simu ya shangazi haipatikani.

Msichana mmoja wa mbele akaniuliza, "Dada wa ndege, umepoteza pasipoti nini?" Wakacheka. Na mimi nikacheka. Sijui nilichekaje.

Mtoto wa miaka kumi na tano ana kalamu na ana kitabu hicho. Nafikiria hilo tu.

Alhamisi, 15 Mei. Msimbu

Mama Lyimo amenituma Kisarawe kuchukua sare ya Kapteni ya maonyesho. Ningeweza kusema naumwa, lakini ugonjwa nilishautumia jana.

Nimemkuta barazani anaipiga pasi mwenyewe, pasi ya mkaa. Majirani wanamwita Bibi Ndege. Nikamwamkia. "Marahaba. Mbona umepauka hivyo? Umekunywa chai?" Kisha, kabla sijakaa: "Na kitabu changu, hakijambo?"

Nikasema yote. Nilisema nimesimama, mkoba begani, bila kupumzika.

Aliinua pasi isiunguze shati, akaiweka chini. Hakunifariji. Akasema hana mtoto wala mjukuu wa kumsimulia, kile kitabu ndicho kinachojua alikuwa nani. Nilitamani ardhi inimeze.

Halafu akauliza kama mkubwa wangu anajua. Hapana. Je, mwalimu anajua anatafuta nini? Hapana.

"Sasa, mwanangu, nani anakusaidia kutafuta?"

Akaniambia kwamba alipopotea juu ya pori mara ya kwanza aliona aibu kusema kwenye redio. Mwanamke peke yake kazini, angechekwa mwaka mzima. Akazunguka tu, mafuta yanashuka. Mwishoni akasema. Mtu wa redio aliyekuwa ardhini akamwelekeza kwa maneno manne. "Sema ukiwa bado una mafuta," akasema, akanisogezea kigoda. "Piga hapahapa nikusikie."

Nikampigia Mama Lyimo. Nikamweleza yote. Kisha: "Tausi. Kumbe ulikuwa unafuta vumbi gani?" Akakata.

Baada ya robo saa akapiga yeye. Ameshaongea na mkuu wa shule. Mkuu anamfahamu mume wa shangazi, ni mlinzi pale bandari kavu ya Kwala. Wanamtafuta. Siku tatu nimezunguka peke yangu, yeye imemchukua robo saa.

Nimerudi na sare mapajani. Bado naogopa, ila kifua kimelegea kidogo. Ajabu.

Ijumaa, 16 Mei

Saa tano. Kimepatikana. Kimepatikana. Kilikuwa kwenye begi la Zawena, ndani ya mfuko wa plastiki ili kisilowe.

Nilikaa sakafuni, pale pale pembeni ya mashine ya nakala. Mama Lyimo akapita, akanitazama, akaendelea na safari yake.

Zawena atakileta mwenyewe kesho na mwalimu wake. Mwalimu kasema ndani kuna kitu kidogo kimeandikwa. Hakusema nini. Kwa wino au penseli? Nimeuliza mara mbili. Wino.

Jumamosi, 17 Mei

Kapteni alifika mapema, kilemba cheupe, fimbo. Zawena ni mwembamba, ana sauti kubwa kuliko mwili. Akampa Kapteni kitabu kwa mikono miwili. Mama Lyimo akamuuliza, kwa upole wa kutisha, hakuona kwamba kimeshaandikwa?

"Niliona, mama. Nilidhani kila mmoja kapewa kitabu cha rubani wake, akiendeleze."

Mama Lyimo akafumba macho.

Kapteni akavaa miwani, akafunua mpaka safari yake ya mwisho. Mstari unaofuata ni wa Zawena, safu zote zimejazwa. Akasoma kwa sauti. Chombo: miguu. Kutoka: nyumbani. Kwenda: shule. Muda: saa moja na dakika kumi. Hali ya hewa: mvua. Maelezo: nimetua salama, viatu vimelowa.

Nilisubiri radi.

Alicheka. Alicheka mpaka akavua miwani na kujifuta kwa ncha ya kilemba. Wageni wakacheka. Mimi nililia, sikujificha. Nikatamka kwamba kuna njia za kuondoa wino bila kuharibu karatasi, nimesoma. "Thubutu!" akasema Kapteni. "Humu hakifutwi kitu. Hata siku niliyotua kiwanja kisicho chetu ipo." Akaomba kalamu. Kwenye safu ya mkufunzi, pale anaposaini anayemfundisha rubani mwanafunzi, mbele ya safari ya Zawena, akaweka sahihi.

Kitabu kiko kwenye sanduku la kioo, kimefunguliwa ukurasa huo.

Mama Lyimo akaniambia Jumatatu nimwandikie maelezo. "Kwa sasa kagawe soda, watu wana kiu." Sijawahi kufurahia kugawa soda namna ile.

Jumatatu, 19 Mei

Maelezo nimeandika. Ukurasa mmoja, na ule uongo wa mara tatu wote umo. Majaribio yameongezwa mwezi. Sawa. Ni haki.

Nimelala vizuri. Leo nimekula wali na maharage, nikaongeza.

Mashine imetengenezwa. Kapteni atakuja kila Jumatano kukaa nami tunakili kitabu, na ameomba Zawena awe anakuja akiruhusiwa shuleni. Kwa hiyo nimemwandikia Zawena karatasi ya maelekezo, nimeipitia mara mbili, hii hapa:

Ushuke stendi. Usichukue boda, ni karibu. Uliza ofisi ya marubani wanawake, ukiambiwa hawaijui sema pale kwenye picha ya ndege ukutani. Panda ngazi. Mlango mzito, usigonge, sukuma. Mimi niko meza ya pili. Ukiambiwa niko kwenye kikao si kweli, sijaanza kuitwa vikaoni. Kaa kwenye benchi unisubiri. Nitatoka.