Shuka Jeupe Mlangoni

Haji ndugu yangu, salamu nyingi kutoka Jeddah. Leo nimefukuza majini watano peke yangu! Haya, uongo. Nilijificha nyuma ya friji.

Kumbe ni watoto wa jirani, wanaiga Halowini ya Wazungu, wanabisha hodi wakitaka peremende. Dada yangu, aliye edani, akanicheka: “Mzee mzima, waogopa watoto?” Akafungua. Mbele yake kimesimama kitoto kilichojiviringisha shuka jeupe, kama tulivyomsitiri mumewe mwezi uliopita. Akaketi pale pale kizingitini, akalia. Kile kitoto kikavua shuka, kikammiminia peremende zake zote mapajani.

Wabusu wajukuu. Na vile viatu nilivyokushonea bure, nilipe hivi: nenda ukang'oe majani kaburini kwa mke wangu huko nyumbani. Mimi tangu tumzike sijathubutu kufika.