Dada Kengele na Mchezo Usio na Maneno

Nyumbani, chumba cha mbele
Jumapili, 9 Juni

Mpendwa Kaka,

Shikamoo. Hali yako, na baridi ya huko? Wifi na watoto hawajambo? Mgongo wako umekuachia? Sisi tu wazima wa kutembea, ila tumepita pagumu, ndiyo maana nimeona nikuandikie kwa kirefu badala ya kukurushia habari vipande vipande.

Dada Kengele amefanyiwa upasuaji. Ule ukwaruzo wa koo haukuwa mafua. Daktari alituketisha akasema bila kuzunguka: uvimbe umekaa pabaya, na kuuondoa ni kuondoa na sauti. Mimi nililia. Dada akauliza kwa sauti iliyobaki, "Uso hauguswi?"

"Hauguswi."

"Basi kateni."

Wewe ulimwacha akiigiza kwenye ule ukumbi wa bati, mvua ikinyesha, na waliokaa nyuma kabisa bado wanamsikia. Hukuwepo alipoingia kwenye filamu. Siku ya kwanza mwongozaji alimfokea, "Unampigia nani kelele? Kamera iko hapa puani!" Akarudi kujifunza kunong'ona mbele ya kioo cha kabati, Baba, Mungu amrehemu, akidhani binti yake ameanza kusali.

Kisha ikaja tamthilia ya runinga, miaka kibao akiwa mama mkwe mwenye roho mbaya. Muuza nyanya aligoma kumuuzia mpaka aahidi kumwacha mkamwana wake apumue!

Kidonda kilipofunga, watu wa tamthilia walikuja na wazo lao. Yeye achezeshe midomo, mwanamke mwingine amtilie sauti. Walikuwa wameshairekodi, wakatusikilizisha pale sebuleni. Kaka, tulimsikia mama mkwe wetu akigomba kwa koo la mtu mwingine. Dada alisikiliza mpaka mwisho, akawamiminia chai, wakanywa, akawafungulia mlango.

Baada ya hapo alilala ameelekea ukutani. Mama akimpelekea chakula, sahani inarudi ilivyokwenda.

Aliyemwinua ni mwigizaji mwenzake wa zamani, yule tuliyemwita Shemeji wa Uongo kwa kuwa kila mchezo alikuwa mumewe. Hakumpa hata pole. Alisimama mlangoni, kofia mkononi. "Tuna mchezo. Yumo mama aliyefiwa na mwanawe, hasemi neno toka pazia lifunguke hadi lifungwe. Wote tuliowajaribu wanalia kwa mdomo tu. Amka, mke wangu, tumekwama."

Dada aligeuka, akamtazama sana. Halafu akanyoosha mkono apewe viatu.

Ijumaa tulikwenda kumwona. Wanamletea shati la marehemu. Alilipokea, akaona kifungo kinaning'inia, akatafuta sindano, akakaa kukishona. Basi, hakufanya jingine. Alimshonea kifungo mtu ambaye hatalivaa tena shati lile, akakata uzi kwa meno, akalinyoosha kwa kiganja. Ukumbi ulikuwa kimya hata nikasikia feni. Mama alinishika mkono kucha zikaniingia.

Watu waliposimama kumpigia makofi, alifungua mdomo kuwashukuru kama zamani. Akakumbuka. Akaufunga, akainama. Hapo ndipo nilipouona uchungu wake wote.

Nisikudanganye, hajazoea. Bado asubuhi nyingine hutaka kumwita Mama na kinachotoka ni pumzi tu, kupitia tundu la shingoni walilomtoboa apumulie. Lakini sasa anakula, na jioni anakwenda kazini.

Mama anakuombea dua kila siku, na Shangazi anakusalimu. Wabusu watoto, mpe mkono Wifi. Mungu akutangulie katika riziki yako ya ugenini.

La mwisho, Kaka. Hujampigia tangu apasuliwe, na najua unaogopa utaongea na nani. Piga. Nitamwekea simu sikioni. Mwambie lolote, hata la mvua za huko. Kimya utakachokisikia ndiye yeye.

Akupendaye siku zote,
mdogo wako wa mwisho