Kitenge cha Mama na Shali ya Ayalandi

Umbilo, Durban

Dada Furaha,

Hujambo, dada yangu? Miguu ya baba imepungua kuvimba? Mimi mwili ni mzima na kazi ya kushona ipo. Kilichochafuka ni roho, na kwa kuwa kwenye simu huwa unanikatiza, leo nakuandikia ili usome mpaka mwisho.

Juma lililopita nilipata mteja, Mzungu mzee wa mtaa wa Morningside. Alileta shali nzito ya sufu, ya kahawia, yenye matamvua, imeliwa na nondo. Ilikuwa ya bibi yake, aliyezaliwa mashambani huko Ayalandi. Nilipokuwa naziba matundu alikaa akanisimulia. Sufu ilitoka kwa kondoo wao, wanawake wakaisokota nyumbani. Sketi zao zilikuwa nyekundu, na shali ilifunika kichwa kanisani, ikabeba mtoto, usiku ikawa blanketi. Hata wavulana wadogo walivishwa sketi, eti mapepo yanayoiba watoto wa kiume yadhani ni wasichana. Nilicheka sana, nikamfikiria kaka yetu ndani ya sketi.

Kisha akaniambia shali ilivyotoka kwao. Bibi yake alipokuwa msichana, akihama kwenda ng'ambo, mama yake alimsindikiza hadi njia panda, mvua inanyesha. Hapo akaivua shali yake mwenyewe, akamfunika binti, akarudi nyumbani akilowa.

Machozi yakanitoka palepale. Mama Neema, Mkongo mwenzangu ninayeshona naye, akanishangaa. "Eish, ma sœur, dada yangu, iko nguo tu hiyo. Unalilia nini?"

Jibu lake nakupa wewe. Mama alipofariki nilishindwa kuja kwa sababu ya makaratasi, unajua. Mkagawana vitenge vyake kama ilivyo desturi ya wanawake wa kwetu. Nilipouliza fungu langu ukasema, "Wewe uko Sauzi, unakosa nini?" Fungu hilo akapewa wifi, mke wa kaka. Iliniuma, dada, na bado inaniuma.

Ukaniapia kwamba vimekwisha vyote. Lakini kwenye video ya sherehe ya mwanao nimekiona kile cha ndege wa bluu, alichotubebea mgongoni sote wawili. Mmekifanya pazia la mlango wa jikoni, na wanaopita wanafutia mikono.

Nisalimie baba, na mjomba wa mashine ya kusaga. Wifi mwambie vitenge vimpendeze. Mteja wangu alishaondoka na shali yake mabegani. Wewe kishushe kile kitenge, unitumie kilivyo, usikifue. Mlango wa jikoni ukae wazi.

Mdogo wako,
Riziki