Kwa Mama Yetu Mkunga, Aliyezunguka Viwanja vya Watoto

Mwaka umezunguka, Mama, tangu alfajiri ile ulipotuaga. Bado Baba huweka kikombe chako mezani, kisha hukirudisha kabatini.

Ulikuwa mkunga. Nusu ya mtaa huu ilipita mikononi mwako. Ulipostaafu tulikwambia upumzike, ukatujibu, "Nimewapokea wakilia, sasa niacheni nikawaone wakicheka." Ukavaa raba zako nyeupe, ukaanza kuzunguka bustani za jiji, mtaa kwa mtaa. Ulirudi umejaa habari kama msafiri: bembea ipi inalia, mwalimu gani wa michezo ana sauti ya tarumbeta.

Kisha mjukuu wako, kitinda mimba wa dada yetu mkubwa, akaugua, na miguu ikakataa kumbeba. Alipoletewa kiti cha magurudumu aligeukia ukutani. Hakutaka kutoka, hakutaka mtu. Sisi tulinong'ona sebuleni. Wewe ulifunga kamba za raba.

Ulirudi kwenye bustani zile zile, safari hii ukitazama chini: wapi pana ngazi, wapi mchanga utameza magurudumu, geti gani ni jembamba. Goti lilikuuma, ulisema lina kelele kuliko mlango wa stoo. Hatimaye ukaipata moja, nyuma ya maktaba, yenye njia ya saruji na michezo ya watoto kila Jumamosi. Jinsi ulivyombembeleza mtoto hadi akakubali kwenda, mpaka leo hatujui.

Jumamosi hiyo tuliwasindikiza. Mwalimu wa michezo alikitazama kiti, akakuna kichwa. "Bibi, huyu tutamweka wapi?"

"Katikati, mwanangu. Pembeni ameshakaa vya kutosha."

Watoto wakafanya duara, wakaanza kumrushia mpira. Wa kwanza ulimpita. Uliofuata ukamgonga bega. Uliokuja baadaye akaudaka. Mama, kicheko kile! Nyumba yetu ilikuwa imekisahau. Tulipogeuka, ulikuwa unalia hadharani, wewe uliyetufundisha kufutia machozi jikoni.

Siku ya kukuzika walikuja watoto wa mitaa tusiyoijua, wakituambia, "Alikuwa bibi yangu pia." Tuliishi nawe miaka yote hiyo, kumbe tulikujua kidogo tu.

Jumamosi iliyopita alikuja mgeni uwanjani, kisichana kiziwi, kimeng'ang'ania gauni la mama yake. Mjukuu wako hakumsubiri mwalimu. Alijisukuma mpaka getini, akamwonyesha mpira, akajigusa kifua, kisha akamgusa yule mtoto, akaelekeza kidole uwanjani. Kile kisichana kikaliachia gauni. Wakaenda.

Wanakukumbuka mumeo, fundi saa. Wanao watatu na wenzi wao. Wajukuu wako wote. Mdogo wako wa pekee, ambaye bado anakuzungumzia kana kwamba umetoka kidogo tu. Na wakunga wenzako.

Maadamu tunapumua, Mama, hutasahaulika.