Aliyelala Chini ya Jina Lako

Nyumbani,
Jumatatu asubuhi.

Mdogo wangu mpendwa,

Pokea salamu zangu katika jina la Bwana. Natumaini zitakukuta mzima, wewe na mkeo, na hao watoto wawili ambao shangazi yao hajawatia machoni. Huku tunaendelea. Presha ya mama inapanda na kushuka, ila sauti yake bado inafika kwa jirani wa tatu. Mimi nashona sare za shule kama zamani, lakini macho yameanza kunisumbua kwenye tundu la sindano. Na wewe nasikia hujambo. Bado sijui nifurahi au nikutukane, maana tulikuzika miaka sita iliyopita.

Barua yako aliniletea dereva wa lori, leo ni wiki ya pili. Niliisoma nimesimama, nikaisoma nimekaa, kisha nikaificha kwenye droo ya cherehani. Unasema vita vimekwisha, umechoka kuwajengea watu nyumba ugenini, unataka kurudi kabla mama hajafumba macho. Unaniuliza kama kuna tatizo lolote. Wewe ni mtu wa ajabu sana.

Ngoja nikueleze hali yako ya hapa. Jina lako ni la tatu kwenye jiwe la mashujaa, kanisani, upande wa mimbari. Kila mwaka, Jumapili ya kuwakumbuka waliokufa kwa ajili ya nchi, mama hukalia benchi la mbele lenye kitambaa cheupe nilichokishona mimi. Kwaya imekutungia wimbo wa beti saba, na katika ubeti wa nne unaokoa wenzako kumi na wawili peke yako. Wewe, uliyekuwa ukimwona jogoo wa jirani unapanda juu ya meza! Mchungaji husoma kwamba hakuna aliye na upendo mwingi kuliko huu, wa mtu kuutoa uhai wake kwa ajili ya rafiki zake, na akifika hapo humtazama mama. Mama naye huinamisha kichwa kama bibi harusi.

Umenieleza pia ulivyotoroka. Kwamba rafiki yako alipigwa risasi ubavuni mwako, ukamvua koti lake ukamvika lako, lenye namba yako na barua ya mama mfukoni, ili wasikutafute. Umeyamaliza hayo kwa mistari miwili, utadhani unasimulia ulivyobadilisha basi. Hata jina lake hukuliandika.

Nikuulize, rafiki yako alikuwa na kinundu kando ya kidole cha mwisho, mkono wa kushoto? Usijisumbue kujibu. Alikuwa nacho.

Mwaka jana, Jumapili hiyohiyo, alikuja mwanamke mmoja kutoka mbali, mkunga mstaafu. Alikuwa akizunguka kanisa kwa kanisa, kila penye jiwe la mashujaa, akimtafuta mwanawe wa pekee. Kwenye madaftari ya jeshi kijana huyo ni mtoro. Kanisani kwao wamekataa kumwandika, na wanawake wenzake wakisali humwachia benchi zima peke yake. Alisema mwanawe alizaliwa na kidole cha sita, naye akakifunga uzi kwa mikono yake mpaka kikadondoka, kikabaki kinundu. Aliuliza kila aliyetoka mlangoni. Akaniuliza na mimi. Nikamjibu kwamba sijawahi kumwona mtu wa namna hiyo.

Basi akaomba aguse walau kaburi la askari mmoja, kwa kuwa yeye hana. Mama akampeleka kwenye lako, tena kwa maringo, unamjua. Yule mwanamke akapiga magoti, akaweka viganja juu ya saruji, akalia mpaka mtandio ukamdondoka. Mama alimvumilia kidogo, kisha akamshika bega akamwambia basi, mwenzangu, inatosha, huyu anaye wa kumlilia. Akaongeza kwamba uchungu wa mtoro haulingani na uchungu wa shujaa. Mimi nilikuwa palepale na ndoo ya maji ya maua. Mwanamke akaomba radhi. Akaomba radhi, mdogo wangu, akajifuta vumbi magotini, akaondoka.

Sasa nifike kwenye langu, maana mpaka hapa nimewasema wewe na mama kana kwamba mimi ni malaika. Jeneza lilipoletwa, ofisa alitaka mtu wa familia atie sahihi kwamba ni wewe. Baba hatunaye, mama alikuwa amezimia. Niliingia chumba cha maiti peke yangu. Uso haukuwa wa kutazamwa, nikaomba nione mikono. Kiganja chako cha kushoto kina kovu la mkasi wangu, tangu ulipokuwa na miaka mitano. Kovu halikuwepo. Kilikuwepo kinundu. Nilijua papo hapo kwamba si wewe, na nikatia sahihi. Mama alikuwa siku tisa hajala, amekaa getini anakungoja, nikaona heri azike mtu, mtu yeyote, apate kunywa hata chai. Tena nisijipambe, nilikuwa nimechoshwa na kilio chake. Kwamba yule naye ana mama, wazo hilo lilinijia, nikalifukuza.

Mbele ya Sulemani wanawake wawili waligombea mtoto aliye hai. Hapa kwetu mmoja anaye aliye hai na aliyekufa pia, na mwenzake hana kitu. Tunaimba kwamba tunawaheshimu waliokufa, na hata jina lake mtu limetushinda kumwachia. Wewe ulimvua koti, mimi nikamvua jina, mama akamnyima machozi ya aliyemzaa.

Yule mkunga aliniachia anwani yake kwenye karatasi, endapo ningesikia lolote. Ijumaa nilimwandikia yote, yangu na yako, nikaitia barua posta kabla moyo haujageuka. Jana baada ya ibada nikamwambia mama kwamba u hai. Hakuuliza uko wapi. Aliuliza nani mwingine anajua. Nilipomwambia anajua yule mkunga, mwenye maiti yake, akaingia chumbani akafunga mlango.

Basi kama swali ni urudi au usirudi, rudi. Jeshi litakufanya nini sijui, na mama atakupokeaje sijui. Ninachojua ni kwamba mkunga atakuja kumchukua mwanawe, na saruji ya kaburi lile ni nene, na mimi mikono yangu ni ya sindano. Wewe ni fundi wa kujenga. Njoo ulivunje kwa mikono yako, umtoe, umkabidhi kwa mama yake, naye akikutazama usimkwepe macho.

Msalimie mkeo, na watoto uwaambie shangazi anawapenda. Ningekuletea na salamu za mama, ila hakunituma.

Ni mimi dada yako,
Mshonaji.