Mikanda Minne Shingoni

Dada Rukia,

Natumai mko wazima. Hapa Nakuru upepo unatimua vumbi la magadi kutoka ziwani, hata chai ina chumvi. Leo nilikwenda Bondeni kuandika habari za Mama Saida, aliyeanza kushona magauni kwa cherehani moja na sasa ana duka lenye cherehani nne. Saa sita mchana alizivua zote mikanda ya kuzungusha magurudumu, akaivaa shingoni ili mtu yeyote asishone, akapakua viazi na maharagwe. Mara akaingia mama mmoja wa Dundori, anahema.

"Mama Saida, harusi ya binti yangu ni kesho!"

"Harusi kesho, njaa leo. Vuta kiti."

"Basi naenda kwa fundi wa stesheni."

"Nenda. Nisalimie."

Hakwenda. Alikula nasi huku amenuna. Mama Saida akanieleza kwamba zamani alishona kutwa bila kula, akakata mikono yote miwili ya gauni la bibi arusi ikawa ya kushoto, na kitambaa kimekwisha. Wateja walimkimbia, nusura afunge duka. Gauni la leo lilikuwa tayari saa kumi, mikono yake sawasawa.

Dada, nilipoondoka kwako macho yako yalikuwa mekundu, chakula kinapoa kando ya cherehani. Vua mkanda saa sita, ule. Nimemwandikia shemeji pia: usipouvua wewe, atauvua yeye.

Mungu akulindie macho hayo.

Kaka yako, Salim