Maelezo ya Fundi Kola kuhusu Cherehani Mbili za Baraza la Mji

MAELEZO YA SHAHIDI
Anajulikana kwa jina la: Fundi Kola
Umri: miaka 47
Kazi: fundi cherehani
Makazi: nyumba ya tatu nyuma ya ghala la mbao
Yamechukuliwa: Jumatatu tarehe 15, saa 1:20 asubuhi

Mimi ni mtu mzima mwenye akili timamu, nina mke na watoto wanne. Nimekuja kituoni kwa miguu yangu, sikuitwa. Nashona nguo mwaka wa ishirini na mbili sasa, na hilo jina la Kola nilipewa na wateja, kwa sababu kola nikiishona mimi hailali hata ifuliwe mara mia. Nasema hivi ijulikane kwamba kazi naijua. Sikuwa na haja ya kufanya nilichofanya.

Mwaka huu baraza la mji limejenga vyumba vya kazi kwa ajili yetu wenye biashara ndogo. Anayepata chumba anaingia pia kwenye orodha ya washona sare za shule. Majina yanapendekezwa na chemba ya biashara. Katibu wa chemba, mama mmoja mpole mwenye miwani ya kamba, alitufundisha Jumamosi sita mfululizo kupanga bei na kuandika maombi. Fomu yangu tuliijaza pamoja. Aliponiuliza nina cherehani ngapi, nikamwambia nne, kwa kuwa sharti la chumba lilikuwa nne. Ninazo mbili.

Mlango wa pili kutoka kwangu ni Mama Pacha, mjane, naye ni fundi na aliomba chumba kama mimi. Yeye nne alikuwa nazo kweli: mbili zake, na mbili alizokabidhiwa na baraza mwaka juzi ili ajiinue. Hizo za baraza zina namba za rangi nyeupe ubavuni. Haziruhusiwi kuuzwa wala kutoka chumbani kwake.

Mnamo tarehe 9, siku ya Jumanne, ukaguzi wangu ulipangwa saa nne asubuhi. Wake ulikuwa kesho yake. Saa moja na nusu nilikwenda kumwazima zile mbili za baraza. Alisita. Akaniambia, "Shemeji, hizi si zangu." Nikamwambia ni saa mbili tatu tu, hata chai yake haitapoa. Akacheka, akanisaidia kuzibeba, mimi upande huu na yeye upande ule. Alipoondoka nikazigeuza namba zielekee ukutani, na moja iliyokuwa bado inaonekana nikaitundikia kitambaa. Hilo la kitambaa yeye hakulijua.

Wakaguzi walifika saa nne kasoro dakika tano, afisa biashara wa baraza pamoja na katibu wa chemba. Afisa akahesabu moja mpaka nne, akaweka alama. Katibu alifurahi utadhani ni mwanawe aliyefaulu mtihani. Saa nne na dakika ishirini afisa akatazama saa yake, akasema wamewahi, basi wamalizie na kwa jirani ili kesho wasirudi tena. Afande, za huyo jirani zilikuwa bado kwangu. Nikavuta viti, nikawasihi wapumzike niagize soda. Afisa akasema soda watakunywa siku nyingine.

Nikafuatana nao. Labda nilidhani ujasiri nitaupata njiani, na njia yenyewe ni hatua nane. Mama Pacha alikuwa anapiga pasi. Afisa akahesabu mbili, akamuuliza za baraza ziko wapi. Akasema zipo, zitarudi mchana. Akaulizwa ziko kwa nani, akaendelea kupiga pasi. Hakunitazama hata kidogo. Katibu akamwambia afisa kwamba huyu mama anamfahamu, si mtu wa kuuza mali ya watu. Ndipo afisa akanigeukia.

"Wewe jirani, umeziona zikitolewa hapa?"

Nikasema, "Sijaona kitu."

Hayo ndiyo maneno niliyosema, na niliyasema mbele yake, pasi ikiwa bado mkononi mwake. Mwanamume mzima, mwenye ndevu. Nilitamani ardhi ipasuke inimeze, lakini ardhi ina kazi zake. Afisa akaandika kwamba mali ya baraza inadhaniwa imeuzwa, akamtoa nje na kuufunga mlango kwa kufuli la baraza.

Mchana ule nilimfuata nikamwomba avumilie mpaka barua za vyumba zitoke, kisha nitasema mwenyewe. Alisema, "Sawa, shemeji." Barua yangu ilitoka Ijumaa tarehe 12, chumba namba sita, na ufunguo nikaupokea. Siku hiyohiyo aliitwa hapa kituoni, akaamriwa kuripoti kila asubuhi. Sikusema. Jumamosi mkanda wa cherehani yangu ulikatika, nikashona suruali mbili za mteja kwa cherehani ya baraza, yeye akiwa amekaa hapa kwenye benchi lenu. Ninaona aibu kulitaja hilo kuliko yote.

Mke wangu alikuwa hanisemeshi tangu Jumanne. Chakula ananitengea, neno hakuna. Ndiye aliyekuwa akimletea Mama Pacha chai hapa. Jana jioni akanieleza kwamba alimuuliza mwenzake kwa nini hanitaji yakaisha, naye akamjibu: "Akisema mwenyewe, atabaki mtu. Nikimtaja mimi, atakuwa mwizi tu." Mke wangu akaniambia hana la kuongeza, akaenda kuosha vyombo.

Leo saa kumi na mbili asubuhi nimezipakia zote mbili kwenye mkokoteni. Sikuzifunika. Wapasua mbao waliniuliza kama nahama, nikawaambia narudisha za watu. Ziko hapo nje kwenye ngazi.

Mama Pacha hakuuza kitu. Kosa lake ni kumwamini jirani, na wahenga hawakukosea kusema asante ya punda ni mateke. Chumba sikistahili. Katibu wa chemba naye aambiwe kwamba fomu ile niliidanganya mimi, yeye aliandika alichoambiwa. Nimesomewa yote niliyosema, hakuna lililozidi wala lililopungua, nayakubali kuwa ya kweli.

Sahihi ya shahidi: (ametia sahihi)

MAELEZO YA OFISA
Mimi sajenti wa zamu nimeyaandika haya na kumsomea shahidi. Nimekagua cherehani mbili alizoleta, namba zake zinalingana na orodha ya baraza. Ufunguo wa chumba namba sita aliouweka mezani nimemrudishia, aupeleke barazani mwenyewe. Nilimruhusu kuondoka saa 2:35 asubuhi. Aliuliza kama kituo kina mlango mwingine, kwa kuwa Mama Pacha alikuwa amekwisha kufika na kukaa kwenye benchi la mapokezi. Nimemjibu kwamba mlango ni mmoja.